Kitufe cha Kama Juu

Kwa Mkulima Mpendwa,

Tumepokea ombi lako la mbegu na mbolea na tunalishughulikia.

Usicheke, Akoth. Nilitaka kuandika "Mwanangu mpendwa" kwa vidole vyangu mwenyewe, mkono wa kushoto ukagusa F4 kwa mazoea, na mashine ikaandika hayo yote kabla sijavuta pumzi. Ni wewe uliyeifundisha. Ningeweza kuyafuta, lakini nimekuwa nikifuta tangu asubuhi na nimechoka, kwa hiyo yaache hapo juu uanze kusoma hapa.

Niko ofisini. Ni Jumamosi alasiri, Ushirika umefungwa, Jelimo, karani mwenzangu, amekwenda zake, na askari wa lango anapita dirishani kila mara kuchungulia huyu mama anafanya nini peke yake na mashine ya watu. Wewe uko nyumbani mtaani Huruma unafungasha, au pengine umeketi kitandani unalitazama sanduku bila kutia kitu ndani, maana tangu Alhamisi sijui nikuamini vipi. Treni ni kesho jioni, na ndege ya kukupeleka chuo cha India haimngoji mtu. Nawe Alhamisi ulisimama kwenye mlango wa jikoni ukaniambia, "Mama, mimi siendi. Nimeona hiyo mkono yako. Wacha nibaki nikuandikie hizo fomu, nitaenda mwaka ujao."

Nilipiga kelele. "Mwaka ujao wa nani?" nikakuuliza, nikabamiza mlango wa kabati mpaka bakuli likaanguka, na jirani akaja kuuliza kama ni wezi. Ndiyo maana naandika. Nikisema nafoka, unanijua. Hapa angalau nikikasirika naipiga kibodi, nayo imezoea.

Mambo ya sweta, ya vidonge vya malaria na ya kutomwonyesha kila mtu pasipoti, shangazi yako amekwisha kukueleza na atakueleza tena kesho mpaka treni iondoke. Mimi sina nafasi ya hayo. Nataka tuzungumze habari ya mkono wangu na habari ya vile vitufe ulivyoongeza, kwa sababu jana limetokea jambo na Jelimo anasema nikufiche. Nimeshindwa kukuficha. Nimeinuka mara tatu kwenye kiti hiki nikazunguka chumba, nikarudi.

Mimi nimependa upesi tangu utoto. Watu husema haraka haraka haina baraka, nami sina ugomvi na wahenga, ila haraka ndiyo iliyotulisha wewe na mimi. Kisumu, nilikojifunza kupiga taipu, mwalimu alikuwa akifunika mikono yetu kwa kitambaa tusione herufi, na mimi nilikuwa wa kwanza kumaliza ukurasa, halafu nageuka kuwatazama wengine. Majivuno, ndiyo. Lakini baba yako alipotutoka ni vidole hivi vilivyokupeleka shule, na hakuna aliyeniuliza kama nilikuwa na majivuno au la.

Kompyuta ilipoletwa hapa Ushirika nilidhani nimepata pumziko. Kumbe yule kijana wa Nairobi aliyeitengenezea programu, mwenye tai pana, hakuwahi kuketi siku moja na foleni ya wakulima mbele yake. Ukimaliza kumwandika mkulima mmoja, lazima utoke, urudi kwenye orodha kubwa ya mwanzo, uchague nambari, ubonyeze Enta, uchague nambari nyingine, Enta tena, ndipo upate ukurasa mtupu wa mkulima mwingine. Mkono wa kulia unaruka kwenda kwenye nambari, unarudi kwenye herufi, unaruka tena. Kutwa nzima, msimu mzima wa kupanda.

Mwanzoni niliona ni uchovu tu. Kisha siku moja nikashindwa kusonga ugali. Mwiko ulikwama katikati ya sufuria, nikasimama pale machozi yakinitoka, halafu nikakuambia siku hizi napenda wali. Ulikula wali wiki nzima bila kuuliza. Ofisini sikusema neno, kwa sababu wasichana wenye vyeti vya taipu wamejaa nje ya lango, na mtu akisema mkono unamuuma anaambiwa pole, akapumzike nyumbani, na pumziko hilo halina mwisho.

Ndipo likizo hii ukaja kufanya kibarua kwetu. Nilidhani utarukia mashine siku ya kwanza ili uonyeshe ulichojifunza chuoni. Hukuigusa. Ulivuta kiti ukakaa kando yangu asubuhi nzima, hutazami skrini, unatazama mikono yangu. Nilikereka sana.

"Mama, mkono yako inasafiri sana," ukasema.

"Ndiyo kazi."

"Na hii ya kurudi mpaka mwanzo ni ya nini?"

"Programu inataka hivyo."

"Programu haitaki kitu. Ni mtu alitaka, na huyo mtu hajawahi andika hata mkulima moja."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa nimeteseka miezi na miezi nikidhani natii mashine.

Unamkumbuka Bwana Meneja ulipomwomba ruhusa. "Usiguse," alisema, akafunga mlango kwanza ndipo akaendelea. "Ikiharibika nitaulizwa mimi. Na siku hizi, msichana, mtu akianza kuulizwa hajui maswali yataishia wapi." Hukubishana naye. Ulitoa nakala kwenye diski, ukafanya kazi yako kwenye nakala, ukamwita aone foleni ikiisha kabla ya chakula cha mchana. Akakubali, kwa sharti kwamba asiwepo mtu wa kuwaambia watu wa Nairobi tumefungua kitu.

Na tulivyogombana juu ya vitufe! Vile vya F viko upande wa kushoto wa kibodi, safu mbili, na tangu mashine ije hakuna aliyekuwa na kazi navyo. Ukasema kazi yote ya kwenda na kurudi tuutwike mkono wa kushoto, wa kulia upumzike. Mimi nilitaka herufi, M ya mkulima mpya, ni rahisi kukumbuka. Ukaniuliza, "Na akija mzee anaitwa Malakwen? Ukianza tu jina lake, mashine inakuletea mkulima mwingine." Jelimo alicheka mpaka akashika meza. Basi F2 ikawa mkulima anayefuata, F6 kuhifadhi, F4 ile barua iliyotuanzishia leo. Kufuta ukaweka F10, pembeni kabisa, na ukailazimisha mashine iulize kwanza kama nina hakika. Nilitaka uondoe hilo swali, linanipotezea muda. Ulikataa, na nilikununia mpaka jioni. Njia ya zamani ya nambari uliiacha ilivyo, kwa ajili ya Jelimo aliyesema hana umri wa kubadili dini. Ukakata kipande cha katoni, ukaandika kwa kalamu kila kitufe na kazi yake, ukakibandika kando ya kibodi.

F8 ni mimi niliyeitaka. "Kama juu." Wakulima huja kwa makundi, watu wa kijiji kimoja, chifu mmoja, njia moja. Kwa nini niandike Sugoi, Sugoi, Sugoi mchana kutwa? Nikataka kitufe kimoja kinachonakili kila kitu cha mkulima aliyetangulia, kisha nibadilishe penye tofauti. Uliniuliza, "Hata nambari ya shamba, Mama?" Nikakujibu, "Yote! Nitabadilisha mwenyewe, mimi si mtoto." Ulinitazama kidogo, halafu ukafanya nilivyosema kwa sababu mimi ni mama yako.

Mkono ulipata nafuu, hilo ni kweli. Nimesonga ugali. Bado unavimba siku za foleni ndefu, na Alhamisi ilikuwa siku ya foleni ndefu.

Sasa jana. Alikuja mama mmoja wa Sugoi, wanamwita Mama Jerop. Nilikuwa nimemwandika mapema wiki hii. Alikuja siku ile na mke mwenzake, wameketi benchi moja, wamejifunika shali moja kwa sababu ya baridi, wanacheka pamoja. Nilimwandika mke mkubwa, nikabonyeza F8, kijiji kikaja, chifu akaja, jina la bwana likaja, shamba likaja. Nikabadilisha jina la mwanamke tu. Sikuona tofauti nyingine, nikahifadhi, nikaita mwingine. Mashine ilipoona shamba moja limetajwa mara mbili ikalihesabu moja, ikatoa karatasi moja ya kuchukulia mbegu ghalani. Jana Mama Jerop akaenda dirisha la ghala akaambiwa mwenzake amekwisha kuchukua. Akaja kwangu.

"Madam, mimi niliandikwa hapa. Nilikuona na macho yangu ukiandika."

"Mwenzako amechukua, mama. Mnagawana."

"Huyo ni huyo. Mimi niko na shamba yangu, kule chini kwa mto. Nimelima, iko tayari, mvua ndiyo hii. Nipande nini?"

Hakupaza sauti. Jelimo akazungumza naye kwa lugha yao, kisha akanigeukia. "Mama Akoth, umeweka wanawake wawili shamba moja. Hiyo haiwezekani, hata kama bwana ni moja."

Jelimo ndiye wa kunifundisha mimi! Mimi binti wa nyachira, mke wa pili. Wewe umelelewa mjini, lakini nimekusimulia: kule kwetu kila mke na nyumba yake, na shamba lake, na ghala lake la nafaka, na mama yangu hakuazima hata ungo upande wa mke mkubwa bila kuomba ruhusa kwanza. Walipendana, walinyonyesheana watoto, lakini shamba lilikuwa shamba. Mtu angeniamsha usingizini akaniuliza hilo ningemjibu sawasawa. Na nikawatia wake wawili katika shamba moja kwa sababu ya benchi na shali na kidole chenye haraka. Niliona aibu, Akoth, aibu ya kweli, masikio yakawaka moto.

Lakini aibu ilikuja ya pili. Nakuambia jambo ambalo hata Jelimo simwambii. Yule mama akiwa bado amesimama mbele yangu anangoja jibu, kitu cha kwanza kilichonipata moyoni kilikuwa furaha. Nilijiambia, kitufe kimeharibika, mimi siwezi kukitengeneza, basi Akoth atabaki. Nilikuwa nimekwisha kupanga na maneno: kwamba ni siku mbili tu, kwamba chuo kitaelewa tukiandika barua. Wewe mwenyewe ulikwisha kusema utabaki, ilikuwa kazi yangu kunyamaza tu.

Nikamkumbuka mama yangu. Nilipata nafasi ya chuo cha ualimu, hujawahi kusikia hilo, sijalisema. Nguo zilikuwa zimefuliwa. Wiki ile ile mama akaanza kuumwa mguu. Hakuniomba nibaki, la hasha, alisema nenda mwanangu, usijali. Alichechemea tu. Alichechemea akienda kisimani, alichechemea akirudi, na mimi nikiwa nimeketi mlangoni namtazama. Nikabaki. Mavuno yalipofika mguu ulikuwa umepona, na nafasi yangu ilikuwa imekwenda kwa mtu mwingine. Simlaumu. Nadhani mguu uliuma kweli.

Mkono wangu nao unauma kweli. Lakini tangu jana najiuliza habari za Alhamisi. Ulipotoka dukani ulinikuta nimeutia kwenye beseni la maji ya chumvi. Ningeweza kuliweka beseni chumbani kwangu nikafunga mlango, nimefanya hivyo mara nyingi. Siku hiyo nililiweka jikoni, katikati, mahali usipoweza kupita bila kuliruka. Sikumbuki kama nilikusudia, na hilo ndilo linaloninyima kutulia, nyathina, mwanangu.

Leo asubuhi Jelimo na mimi tumezitoa fomu zote za wiki, tukazipitia moja baada ya nyingine tukitafuta wake wenza. Tumewapata wengine. Kila mmoja tumempa shamba lake, kwa ile njia ya nambari, polepole, Jelimo akiandika na mimi nikisoma. Mama Jerop alilala kwa ndugu yake mtaani Langas, akaja ghala lilipofunguliwa, akaondoka na mbegu yake. Aliniambia asante, nami sikustahili. Majina ya wale wengine Jelimo ameyachukua, yatasomwa kesho kwenye matangazo kanisani kule Sugoi, waje Jumatatu.

Jelimo akaniambia, "Mwambie tu msichana abaki siku mbili arekebishe hiyo F8. Ama usimwambie kitu, aende na amani." Nikasema nitafikiri. Alipoondoka nikafunga mlango.

Nikatoa nakala kwenye diski kwanza, kama ulivyofanya wewe. Kisha nikafungua programu. Mungu wangu, mistari! Lakini ulikuwa umenionyesha siku moja, nami nilijifanya sisikilizi, kwamba ukitia alama ya nyota mwanzoni mwa mstari, mashine inauruka kana kwamba haupo. Nilitafuta mpaka nikaona mahali ulipoandika kijiji, chifu, bwana, shamba, kila neno na mstari wake. Nikatia nyota. Nikajaribu, ikanakili shamba ikaacha bwana, maana nilikuwa nimetia nyota mstari wa juu yake. Nilitukana, nashukuru hukuwepo. Nikaiondoa, nikaitia mahali pake.

Halafu nilihitaji wanawake wawili wa kujaribia. Nikamwandika mke mkubwa wa baba yangu. Nikabonyeza F8, nikamwandika mama yangu. Kijiji kikaja. Chifu akaja. Jina la baba yangu likaja. Kwenye shamba mashine ikasimama, mahali patupu, ikiningoja niseme la kwake ni lipi.

Ningepaswa kuruka kwa furaha, mwanamke wa umri wangu ametengeneza kompyuta. Nilikaa tu nikitazama pale patupu. Nilikuwa na sababu moja ya kukuzuia na nimeiondoa kwa mkono wangu mwenyewe, tena ule unaouma.

Basi sikiliza, kisha uniache nifunge ofisi ya watu. Jumatatu nitamwambia Meneja habari ya mkono, Jelimo akiwa kando yangu. Yeye ataandika asubuhi na mimi mchana. Amekubali kujifunza F2, ingawa anasema dini ni ile ile. Meneja akinifukuza, nimewahi kufukuzwa, siyo kifo. Hilo ni langu la kubeba wala lisitiwe kwenye sanduku lako.

Huko uendako utatengenezea mashine watu usiowajua, na mama yako hatakuwa kando yako kukununia. Vuta kiti, utazame mikono yao kwanza, kama ulivyotazama yangu. Ukiona swali linafaa kuulizwa, liulize na mara ya pili. Na akitokea mtu mkubwa mwenye haraka akakwambia "yote," usimtii upesi ulivyonitii mimi.

Kesho stesheni nitalia. Nakwambia mapema usije ukashtuka. Nitalia sana, na pengine nitaushika mkono huu bila kujua kama nafanya makusudi, na shangazi yako ataniona atasema jamani, mwacheni mtoto abaki na mama yake. Usimsikilize. Usinisikilize na mimi, hata nikikuita jina. Panda.

Mama yako